Ukuta wa Mabaki ya Masanduku

Juzi nilikwenda Mlowo kununua mbegu za maharage, nikapita mbele ya karakana ya vijana maseremala. Walikuwa wanapiga randa ubao wa mninga, na maranda yake mekundu yalikuwa yameenea mpaka njiani. Harufu ile ikanivuta. Nikasimama na kikapu changu mkononi, nimesahau mbegu, nimesahau safari. Kijana mmoja akaniambia, "Shikamoo bibi, unatafuta kitanda?" Nikamjibu, "Marahaba mwanangu, namtafuta mama yangu." Wakacheka, nami nikacheka nao, maana ningewaelezaje? Wangesema kizee kimechanganyikiwa.

Ninyi wa rika langu hamtacheka. Mnaikumbuka Hasamba ya enzi za Mwingereza, kabla mibuni haijajaa kila mji. Mnaikumbuka baridi ya mwezi wa sita na wa saba, ukungu unaingia ndani bila hodi, unakaa mpaka jua linapanda. Nyumba zetu zilikuwa za fito na udongo, na udongo ukikauka hupasuka, na kila ufa ni mlango wa upepo. Aliyekuwa na mjomba huko migodini Kopabelti alipata blanketi. Asiyekuwa naye alilala na moshi.

Baba yangu alikuwa fundi seremala. Kazi alifundishwa misheni, na mikono yake ilikuwa imekakamaa hata kunishika shavu aliogopa. Alitengeneza milango, mabenchi ya kanisa, na masanduku ya kuzikia. Wazee wetu wa zamani walizikwa kwa mkeka na nguo, na hakuna aliyerudi kulalamika. Lakini Wakristo walipoona Wazungu wa misheni wanazikwa ndani ya mbao, nao wakataka mbao, na kuzikwa kwa mkeka kukawa aibu ya ukoo mzima. Basi akifa mtu, anaitwa baba. Mlango aliupima kwa futi yake ya misheni, lakini marehemu alimpima kwa mwanzi mrefu mkavu aliouchonga mwenyewe. Mwanzi ule ulikaa juu ya dirisha la karakana, na sisi watoto tulikatazwa hata kuuruka ukianguka chini.

Sasa, kila sanduku huacha mabaki: vipande vya pembeni, ncha, mabanzi yenye magome upande mmoja. Kwetu mabaki hayo hayachomwi. Wazee walisema ukiyaota moto, mwenye sanduku naye atakuja kuota pamoja nawe. Kwa hiyo yalitupwa nyuma ya makaburi yakaliwa na mchwa, na baba yangu ilimuuma sana. Huyu alikuwa mtu wa kunyoosha misumari iliyopinda. "Mti umeanza kukua babu yangu hajazaliwa," alikuwa akisema, "wapasuaji wa mbao wamevunjika migongo kule kwenye shimo la msumeno, halafu wewe unampa mchwa?" Akawa anayakusanya mabaki, anayapanga chini ya upenu, na watu wakipita wanatazama pembeni.

Mama yangu hakuwa Mnyiha. Alitoka Mbebe, kule Ileje, Mndali wa watu, mcheshi, mwembamba, na kifua chake kilikuwa kibovu. Kiangazi cha baridi kikiingia tu, anaanza kukohoa. Mwaka uliotangulia huu ninaousimulia alikohoa mpaka akatema damu kwenye kanga, akaificha, nami nikaiona. Mganga wa zahanati alimwambia baba waziwazi mbele yangu, kana kwamba mimi ni kiti: "Huyu baridi nyingine kama hii haivuki, labda umweke mahali penye joto."

Mahali penye joto tungepatoa wapi? Baba alitoka pale. Kesho yake nikamsikia anagonga chumbani kwa mama.

Alianzia chini. Alisimamisha papi, zile mbao nyembamba za kushikilia, kwenye kiambaza, akapigilia mabaki yale safu kwa safu, kipande cha juu kikilalia cha chini ili upepo usipate pa kupenya. Nyuma yake, kati ya mbao na udongo, aliacha nafasi kama upana wa kiganja, na hapo tukashindilia unga wa msumeno. Mimi na bibi, mama yake baba, ndio tulioubeba kwa vikapu kutoka kwenye shimo la wapasuaji, tukauanika, tukauchanganya na majivu ili wadudu wasiupende. Bibi alikuwa mdogo wa umbo, kimo chake kikikaribia changu mimi mtoto, na ulimi wake haukuwa na kufuli. "Shindilia, Sekela," ananiambia. "Mwanamke hajui kushindilia unga, ataoleka vipi?" Kwa kweli chumba kilianza kubadilika. Ukiweka mkono kwenye udongo, baridi inakuuma. Ukiweka kwenye mbao, ni kama umemgusa mtu aliyelala.

Na hapo ndipo hofu yangu ilipozaliwa.

Maana vile vipande nilivijua. Nilikuwa nimekaa karakanani vikikatwa. Kile chenye jicho jeusi kilitoka kwenye sanduku la Mzee Andrea, mpiga kengele wa kanisa. Kile chekundu kilikuwa cha mwalimu aliyeanguka kisimani. Vile vifupi vitatu karibu na mlango vilikuwa vya watoto, maana sanduku la mtoto huacha vipande vifupi. Mchana vilinyamaza. Lakini jioni, jua likishuka na baridi ikianza kupanda kutoka bondeni, ukuta ulianza kulia. Ta! Kimya. Halafu upande wa pili, ta! Baba alisema ni mbao zinajikunja, mbao zote hujikunja. Mimi nilikuwa nasikiliza ni upande gani. Nikisikia karibu na mlango najua ni watoto. Nikisikia juu ya kikapu cha nguo, Mzee Andrea huyo, na nilimwamkia moyoni ili asije akakasirika.

Majirani waliacha kuingia. Walikuja kumwona mama, lakini waliishia barazani, wanaita kwa sauti, "Mama Sekela, umeamkaje?" Naye anajibu kutoka kitandani. Wakiondoka nawasikia: yule fundi anamlaza mkewe ndani ya sanduku angali hai. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu, na mtoto maneno kama hayo hayamwagi, anayahifadhi.

Mmoja tu ndiye aliyeingia, Mama Lea, aliyekuwa amezika mtoto wake wa miezi michache. Aliingia jioni moja, akasimama katikati ya chumba na mikono yake kifuani. Hakumtazama mama. Aliniinamia mimi akaninong'oneza, "Cha kwangu ni kipi?" Nikamwonyesha. Akaweka kiganja chake pale, akakiacha kwa muda mrefu. Kisha akasema, kama anayemweleza mwenzake habari njema, "Pana joto." Akavuta kanga yake akaondoka. Mama alilia jioni ile, nami nikaelewa jambo ambalo hakuna aliyeniambia: vile havikuwa vipande, walikuwa watu wenyewe.

Miezi ikaenda, ukuta ukapanda, mpaka ikabaki safu moja juu ya kitanda cha mama. Hapo pakabaki pengo, refu kama kitanda chenyewe, na mabaki chini ya upenu yakawa yamekwisha. Upepo wa usiku ulipita pale ukipiga mluzi mwembamba. Baridi ilikuwa imeshafika. Mama alikuwa anakohoa tena.

Jioni moja nikiwa nimebeba uji, nikakuta mlango umeachwa wazi kidogo. Mama amelala chali, amefumba macho, uso wake wa rangi ya majivu. Baba amesimama juu yake. Mkononi ana ule mwanzi. Ameunyoosha kutoka kichwani kwa mama mpaka miguuni, na kwa ukucha wa kidole gumba anatia alama.

Jamani! Uji ulimwagika, sikumbuki kuumwaga. Baba aligeuka, "Sekela, nini?" Nikakimbia. Sikuhitaji mtu wa kunifafanulia. Mwanzi ule haukupima kitu chochote duniani isipokuwa maiti. Na pengo lile nalo likajieleza lenyewe kichwani mwangu: ukuta unangoja kipande cha mama. Atakufa, atachongewa sanduku, sanduku litaacha mabaki, mabaki yataziba pengo, na chumba kitakuwa na joto wakati hayupo wa kuota.

Leo najua alikuwa anapima pengo. Lilikuwa refu kuliko futi yake, na kitanda kilikuwa chini yake, basi mwanzi ukapita juu ya mama. Lakini kamwambie hivyo mtoto aliyeona alichokiona.

Nikawaza kwa akili yangu yote. Kama ukuta unataka kipande, basi upewe, ila kitoke kwa mtu mwingine. Nikaanza kuwatazama watu. Kanisani nilimtazama Mzee Yosia akikohoa, moyo wangu ukaruka kwa furaha. Akapona. Nilimtazama mama mmoja mjamzito aliyevimba miguu. Akajifungua salama, pacha, wakapiga vigelegele, mimi nikanuna. Msimu ule watu walikataa kufa kabisa, hata wale waliokuwa wakitegemewa. Na kila jioni pengo lilipiga mluzi, na mama alikohoa, na kuta zilimjibu, ta, ta, kama watu wanaosogeana kumpisha mgeni akae.

Mwisho nikaenda kwa bibi. Aliishi nyumba yake ndogo ng'ambo ya ua wetu, na juu ya moto wake, kwenye boriti, palikuwa na mbao zake. Hizo kila mtu alizijua. Baba alikuwa amemchagulia mama yake mninga bora kuliko wote, ameupiga randa mpaka unang'aa, akaziweka mbao zake pale zikaushwe kwa moshi zingoje siku yake. Hiyo ndiyo heshima ya mwana kwa mama. Bibi alizionea fahari. Wageni wakija anawaonyesha kwa kidole, "Hiyo ndiyo nyumba yangu ya pili, haivuji."

Alikuwa anachambua maharage. Nikakaa. Nikamuuliza, "Bibi, wewe utakufa lini?"

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. Halafu akacheka, cheko lake lile la kukosa meno. "Loo! Umechoka kula viporo vyangu?"

"Pengo la mama linataka mtu," nikamwambia. "Baba ameshampima. Nimemwona na mwanzi. Kama ukitangulia wewe, litachukua kipande chako, limwache mama."

Nilisema hivyo hivyo, bila kupunguza. Bibi hakucheka tena. Aliweka ungo chini, akanivuta kwa mkono akanikalisha kwenye mapaja yake ingawa nilikuwa mkubwa. Nilisikia moyo wake unadunda. Alinukia moshi na ugoro. Akakaa anatazama juu, kwenye zile mbao zake, muda ukapita mpaka moto ukafifia.

"Ukuta hauli watu, mwanangu," akasema. "Baridi ndiyo inayokula. Nenda kamwite baba yako."

Baba alikuja na vumbi la mbao kwenye nyusi. Bibi hakumkaribisha hata kukaa. "Ziteremshe," akamwambia.

"Nini, mama?"

"Mbao zangu. Kamzibie mkeo."

Baba alitazama juu kwenye boriti. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mama, hizo ni zako. Na msimu huu wapasuaji wameshuka Momba, hawarudi mpaka mvua. Likitokea la kutokea, nitakuzika na nini?"

"Na mkeka. Mama yangu alizikwa na nini?"

"Watu watasema nini? Mimi fundi wa masanduku, namzika mama yangu mzazi kwa mkeka kama mbwa!"

"Watasema," bibi akajibu. "Wamewahi kuacha? Waache waseme mchana kutwa, maneno hayaingii kifuani mwa mtu yakamtoa damu. Mimi huko niendako sisikii baridi. Huyu anaisikia sasa hivi. Au unataka zikae hapa zinapata moshi, tuzitumie wote wawili, mimi na yeye?"

Baba alifunika uso kwa viganja vyake. Nilimwona baba yangu analia, na mabega yake mapana yanatikisika, na bibi anampigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. "Niapie," akamwambia, "kwamba hata wapasuaji wakirudi, hutanichongea nyingine. Nilishatoa, nimetoa." Baba akaapa.

Mbao zilishushwa siku ileile kabla ya jua kuzama. Mama alipoziona akajitahidi kuinuka. "Hapana, mama," akamwambia bibi. "Siwezi kulala chini ya kaburi lako."

"Kaburi liko wapi? Huu ni ubao. Lala!" Bibi akaketi ukingoni mwa kitanda wakati baba anapigilia, na mimi na unga wangu wa msumeno nashindilia. Msumari wa mwisho ulipoingia, mluzi ukakatika. Ghafla chumba kikawa kimya hata tukatazamana. Halafu, baridi ilipoanza kupanda kutoka bondeni, ubao mpya ukalia kwa mara ya kwanza, mzito kuliko vingine vyote: ta! Mama akashtuka.

Bibi akacheka. "Usiogope. Ukilia hivyo ujue ni mimi nakuita, naulizia kama umelala vizuri. Nawe uitike, usije ukaninyamazia kama mkwe asiye na adabu."

Ikawa mchezo wao. Kila jioni ubao ukilia, mama anaitika, "Abee, mama!" na bibi kule ng'ambo ya ua akisikia anapiga kelele, "Haya, lala!" Tunacheka wote. Kikohozi kikapungua, kikawa cha asubuhi tu, kikaisha. Mwezi wa nane mama aliketi barazani juani anasuka nywele zangu, na wale wale waliosema wakaja kumpongeza, wakaomba kuingia kuuona ukuta wenyewe.

Mvua za kwanza zilipogusa ardhi bibi akafa. Hakuugua. Alikuwa anapanda maharage, akaketi kwenye tuta, akalala pale. Wapasuaji walikuwa wamekwisha rudi na mbao zilikuwepo, lakini baba alikuwa ameapa. Alimzika mama yake kwa mkeka. Watu walisema, kweli, tena palepale kaburini. Baba alisimama, kofia mkononi, mwanzi hakuugusa. Mimi niliuangalia mkeka ule mdogo unavyoshushwa, nikajiuliza swali ambalo mpaka leo nywele zangu nyeupe hazijalijibu: ubao wake ulitangulia kupigiliwa, naye akafuata. Je, ukuta haukumngoja?

Siku ile mvua ilinyesha tangu asubuhi mpaka jioni. Nataka mlielewe hili, maana mimi ni mtoto wa fundi na mbao nazijua. Hapakuwa na jua la kupasha ukuta. Hapakuwa na joto la kuondoka. Vile vipande vyote, Mzee Andrea, mwalimu, watoto wa mlangoni, vilikuwa kimya kama vilivyostahili. Tumekaa chumbani, nguo zimelowa, baba anatazama sakafu. Na juu ya kitanda, ubao wa bibi ukalia.

Ta!

 Mama aliinua uso wake polepole. Hakuwa anacheza.

"Abee, mama," akaitika.

Aliishi sana mama yangu. Aliona bati likipanda juu ya nyumba ile, aliona bendera ikibadilishwa, aliona wajukuu. Na jioni zote hizo aliitika, hata akiwa na wageni, hata katikati ya sala, na sisi tukazoea kama mtu anavyozoea saa ya ukutani. Alipokufa, wadogo zangu walimletea sanduku la kifahari kutoka mjini. Sikubisha. Jioni ya mazishi tukiwa tunagawa chai kwa waombolezaji, ubao ulilia chumbani. Ukalia tena. Na tena, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayoijua ina watu. Nikaweka birika chini, nikaingia, nikafunga mlango nyuma yangu. Nikasema, "Abee, bibi. Amelala." Ukanyamaza.

Nyumba ile imebomolewa, wamejenga ya tofali. Nusu ya ukuta bado ilikuwa nzima, nasi tukaipa kazi nyingine: vipande vya watoto ni mlango wa banda la kuku, cha Mzee Andrea ni rafu ya vyombo. Ubao wa bibi ninao mimi, umepigiliwa juu ya kitanda changu. Wanangu wananitania. Mama, ni mbao inajikunja kwa baridi. Najua, nawajibu, babu yenu alinifundisha kabla hamjazaliwa. Lakini jioni nikisikia, naitika.

Jumapili iliyopita nilikuwa nimelala na homa, sauti imenikauka kabisa. Ubao ukalia. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Ukalia tena, nami machozi yananitoka kwa sababu sina sauti ya kumjibu. Mjukuu wangu mdogo alikuwa jikoni anapepeta mchele, na habari hizi hakuna aliyewahi kumwambia. Nikamsikia anaweka ungo chini.

"Abee!" akaitika.

Akaja akasimama mlangoni, mikono yake myeupe kwa pumba, anautazama ubao juu ya kichwa changu.

"Bibi," akaniuliza, "huyu aliyeniita ni nani?"